Umeambiwa umeingia, mbona imeji haipandi?

Jumamosi moja asubuhi, Ngamiani, Tanga, barabara ya 10, binti mmoja ninayemsaidia kujifunza kazi za seva alinigeuzia laptopu yake. "Kaka, hebu niangalizie. Imeniambia nimeingia, halafu inanikatalia." Kwenye skrini kulikuwa na mistari ifuatayo. Jina la akaunti nimelibadilisha, mengine nimeyaacha yalivyokuwa kwa sababu jibu lilikuwa humo humo:

```
$ docker login -u tanga
Password:
Login Succeeded
$ docker push machungwa:1.0
The push refers to repository [docker.io/library/machungwa]
denied: requested access to the resource is denied
```

Programu yenyewe ni ndogo: inahesabu machungwa yanayoshuka kutoka Muheza, nani kaleta mangapi na nani kalipwa. Ameijenga vizuri, kwenye mashine yake inawaka bila tatizo. Kilichobaki kilikuwa kuipandisha kwa Docker kwenye rejista, yaani ghala la mtandaoni, ili seva iliyo mbali iishushe na kuiendesha. Alikuwa ameshabadilisha neno la siri mara mbili, ameingia upya mara nne au tano, na kila mara anaambiwa amefanikiwa, kisha anakataliwa. Alishaanza kuamini kwamba akaunti yake imefungwa.

Swali hili naletewa kila mara, na karibu kila mara chanzo chake ni hichohicho. Neno "login" linatudanganya. Tumezoea kuingia kwenye barua pepe au benki kwa simu: ukishaingia uko ndani, na mlango uko wazi mpaka utoke. Kwa hiyo mtu akiona "Login Succeeded" anajihesabu yuko ndani ya rejista. Hayuko. Amri ya `docker login` haikuingizi popote.

Tuanze na vitu vyenyewe, kwa ufupi. Imeji ni programu iliyofungwa pamoja na kila inachohitaji ili iwake: maktaba zake, mipangilio yake, mafaili yake. Ukiiwasha inakuwa kontena. Docker, iliyotolewa kwa umma Machi 2013, ndiyo iliyoeneza utaratibu huu, na jina lake kwa Kiingereza ni mpakiaji wa bandarini, kazi ambayo sisi wa Tanga hatuhitaji kuelezwa. Rejista ni ghala la mtandaoni ambako imeji hupandishwa na kushushwa. Docker Hub ni mojawapo. GitHub wana ya kwao, Amazon na Google wana zao, na hata wewe unaweza kuwasha yako kwenye kompyuta ya ofisini.

Sasa, ukiandika `docker login`, mambo matatu hutokea. Docker inachagua rejista. Inaipelekea jina lako na neno la siri, iulize kama ni sahihi. Rejista ikikubali, Docker inaviandika viwili hivyo kwenye mashine yako mwenyewe. Basi, amri imekwisha. Hakuna waya uliobaki wazi kati yako na rejista. Ni kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo: kaujaribu kitasani, ukazunguka, kaufunga mlango tena, kisha akautundika ufunguo kwenye msumari ukutani kwako. Siku ukitaka kupandisha imeji, Docker inakwenda msumarini, inauchukua na kufungua upya.

Ukilishika hilo, makosa mengi yanakuwa maswali matatu tu: ufunguo ni wa mlango upi, msumari uko nyumba ya nani, na ufunguo utadumu mpaka lini.

Mlango upi

Usipoitajia rejista, `docker login` inakwenda Docker Hub. Ukitaka nyingine lazima uitaje: `docker login ghcr.io`, au `docker login rejista.ofisi.example:5000`. Kila moja ina ufunguo wake, na zote zinaweza kutundikwa pamoja bila kugombana.

Wengi wanajikwaa wakati wa kupandisha. Docker haiangalii uliingia wapi mara ya mwisho. Inasoma jina la imeji. Jina kamili lina rejista mwanzoni, kisha akaunti, kisha imeji, kisha lebo ya toleo. Ukiandika kwa mkato, Docker inajaza yenyewe: pasipo na rejista inaweka `docker.io`, na kwenye Docker Hub, pasipo na akaunti inaweka `library`, ambalo ni eneo la imeji rasmi za huko, kama vile za `nginx` na `postgres`. Kwa hiyo `machungwa:1.0` ya yule binti ilikuwa inataka kuingia `docker.io/library/machungwa`. Tazama tena mstari ule juu ya kosa. Umeandikwa waziwazi. Ufunguo wake ulikuwa mzima kabisa, ila alikuwa anausukumiza kwenye mlango wa watu.

Dawa ilikuwa mistari miwili:

```
docker tag machungwa:1.0 tanga/machungwa:1.0
docker push tanga/machungwa:1.0
```

`docker tag` hainakili imeji. Inaipa jina la pili tu. Baada ya hapo tabaka za imeji, yaani vipande vyake, zikaanza kupanda, moja baada ya nyingine, naye akabaki ameshika shavu akiangalia. Neno la siri halikuwa na kosa tangu mwanzo.

Tokeni, kama ya luku

Kwa nini basi rejista isimwambie tu kwamba mlango si wake? Hapa inabidi tuangalie kinachopita chini kwa chini, na unaweza kukiona mwenyewe kwa amri hii:

```
curl -i https://registry-1.docker.io/v2/
```

Utajibiwa 401, yaani hujatambuliwa, pamoja na mstari unaoanza na `www-authenticate: Bearer` unaotaja anwani ya `https://auth.docker.io/token`. Maana yake: mimi ni ghala, sikagui vitambulisho. Nenda ofisi ile pale, uniletee tokeni.

Docker inafanya hivyo kimyakimya. Inachukua ufunguo msumarini, inakwenda ofisi ya tokeni na kusema: mimi ni tanga, naomba kushusha na kupandisha kwenye `tanga/machungwa`. Ofisi inaangalia una haki gani, inakuandikia tokeni, na Docker inarudi nayo ghalani. Kila mtu anayenunua umeme anaijua tokeni: namba zile 20 zinaingia kwenye mita yako na si ya jirani. Hii nayo ni vivyo hivyo. Ya `tanga/machungwa` haifungui `tanga/samaki`. Tofauti ni kwamba ya luku unaiingiza mara moja basi, wakati hii inatumika na kurudiwa ndani ya muda mfupi sana. Ya Docker Hub hudumu sekunde 300, yaani dakika tano, halafu Docker inaomba nyingine bila kukusumbua.

Na hapa ndipo fumbo linapofunguka. Ukiomba haki usiyokuwa nayo, ofisi ya tokeni haikufukuzi. Inakupa tokeni, lakini ndani yake imeandika zile haki ulizo nazo tu, na wakati mwingine haina haki yoyote. Unafika nayo ghalani, ghala linaisoma, linaona kibali cha kupandisha hakimo, linakataa. Ndiyo sababu kuna makosa mawili yanayofanana kwa macho lakini hayana undugu. Ukiona `unauthorized: incorrect username or password`, tatizo ni ufunguo. Ukiona `denied`, ufunguo mara nyingi ni mzima: angalia jina la imeji, angalia kama hazina hiyo, yaani sehemu ya imeji hiyo ndani ya rejista, ipo, angalia kama umepewa haki. Kubadilisha neno la siri baada ya kuona `denied` ni kumpa panadoli aliyevunjika mguu.

Msumari

Kwenye Linux, fungua faili la `~/.docker/config.json`. Kama hujaweka ulinzi wowote wa ziada, utakuta kitu kama hiki:

```
{
  "auths": {
    "https://index.docker.io/v1/": {
      "auth": "dGFuZ2E6bWtvbmdl"
    }
  }
}
```

Ukiyatazama maandishi yale ya `auth` unaweza kudhani yamefichwa. Hayajafichwa. Huo ni mwandiko wa base64, na ni sawa na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandikiana barua: asiyesoma Kiarabu ataona ni siri kubwa, lakini mtoto yeyote wa chuo cha Kurani atakusomea barua yako yote. Jaribu:

```
echo 'dGFuZ2E6bWtvbmdl' | base64 -d
```

Jibu ni `tanga:mkonge`. Jina la akaunti, nukta mbili, neno la siri. Docker yenyewe hukuonya wakati wa kuingia kwamba neno la siri litawekwa bila kufichwa, ila onyo hilo linatoka pamoja na maneno ya furaha ya kufanikiwa, na sote tunalipita. Faili hilo likinakiliwa kwenye flashi, likaingia kwenye bekapu, au, na hili nimeliona kwa macho, likafungwa ndani ya imeji yenyewe kwa sababu mtu alinakili folda nzima ya nyumbani, basi umewagawia watu ufunguo.

Ulinzi upo. Kuna programu ndogo za kutunza siri ambazo Docker inazungumza nazo: kwenye Mac ni `osxkeychain`, kwenye Windows ni `wincred`, kwenye Linux ni `pass` au `secretservice`. Ukiweka `"credsStore": "pass"` kwenye faili lile, na programu ya `docker-credential-pass` ikiwa imeshasimikwa, siri huhamia kwenye kabati lenye kufuli, na faili linabaki na jina la rejista tu. Docker Desktop ya Mac na Windows hujipangia hili yenyewe.

Usiandike siri kwenye amri

Hili linaniuma, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Kuna njia ya kuingia kwa mstari mmoja: `docker login -u tanga -p mkonge`. Miaka ya nyuma niliitumia kwenye seva ya ofisi moja, ambako watu wanne tulikuwa tunashea akaunti moja ya mashine. Siku iliyofuata mwenzangu akabonyeza mshale wa juu akitafuta amri yake ya jana, na neno langu la siri likajitokeza lote, herufi kwa herufi, mbele ya watu watatu waliosimama nyuma yake. Hakuna aliyesema kitu. Lakini neno lile ndilo nililokuwa nalitumia na kwenye barua pepe yangu.

Amri zote unazoandika hubaki kwenye kumbukumbu ya terminali. Tena wakati amri inaendelea kufanya kazi, mtu mwingine kwenye mashine hiyo hiyo anaweza kuiona kwa kuandika `ps`, pamoja na kila kilichomo. Kama uko mwenyewe mbele ya kibodi, andika `docker login -u tanga`, acha ikuulize, andika siri hapo ambapo herufi hazionekani. Kama ni skripti, ipitishe kwa mlango wa ndani:

```
read -rs TOKENI
printf '%s' "$TOKENI" | docker login -u tanga --password-stdin
unset TOKENI
```

Nimeandika TOKENI, na si neno la siri, kwa makusudi. Hii ni tokeni ya aina nyingine, tusiichanganye na ile ya dakika tano. Unaitengeneza mwenyewe kwenye akaunti yako kupitia kivinjari, na inakaa mahali pa neno la siri. Kama umewasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye Docker Hub, neno la siri la kawaida halitakubaliwa kwenye terminali, na watu wengi wanakwama hapo wakiapa kwamba wanalijua. Wanalijua kweli, ila halitumiki hapo. GitHub kwenye `ghcr.io` ni hivyo hivyo: wanataka tokeni, na iwe imepewa haki ya `read:packages` ya kushusha au `write:packages` ya kupandisha.

Uzuri wake ni kwamba unaipima kwa kazi. Seva inayoshusha imeji tu ipe tokeni ya kusoma tu. Mwizi akiipata ataisoma programu yako ya machungwa, jambo baya, lakini hataweza kukupandishia imeji yenye sumu ambayo kesho seva yako itaishusha na kuiwasha kwa imani.

Msumari wa nyumba nyingine

Ufunguo hutundikwa nyumbani kwa yule aliyeandika amri. Ukiandika `sudo docker login`, aliyeingia mara nyingi ni root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, na ufunguo unakwenda `/root/.docker/config.json`. Kisha unaandika `docker pull` bila sudo, Docker inatazama msumari wako, mtupu, na unaambiwa hazina haipo au huenda unahitaji kuingia. Unaingia tena kwa sudo, unafanikiwa tena, unakataliwa tena. Nimekuta watu wamezunguka hapo mchana mzima. Chagua moja: ama zote kwa sudo, ama zote bila.

Kazi za ratiba, zile zinazojiwasha saa nane usiku, nazo zina mwenyewe wake. Kama zinaendeshwa na mtumiaji mwingine, ufunguo wako hazitauona.

Wanaotumia Podman, programu nyingine ya kuendesha kontena, wajue pia kwamba yenyewe, kwenye Linux, kwa kawaida hutundika ufunguo kwenye eneo la muda. Mashine ikizimwa na kuwashwa, ufunguo umekwenda, na kwa umeme wetu hilo si jambo la mara moja kwa mwaka.

Waja leo waondoka leo

Mji wetu umepewa jina hilo tangu zamani, na kuna funguo zinazostahili kulibeba. Rejista ya Amazon, ECR, haikupi neno la siri la kudumu. Unaomba kwa amri yao, na jina la mtumiaji huwa ni `AWS` kwa kila mtu:

```
aws ecr get-login-password --region eu-west-1 \
  | docker login --username AWS --password-stdin \
  NAMBA-YA-AKAUNTI.dkr.ecr.eu-west-1.amazonaws.com
```

Unachopewa hudumu saa 12. Umeingia saa mbili asubuhi, mpaka saa mbili usiku kazi inakwenda, saa tatu inakataa. Wageni wa mfumo huu hudhani kuna kitu kimeharibika usiku. Hakijaharibika, ufunguo umeisha muda wake, na Docker haiwezi kujua mpaka iujaribu. Weka amri hiyo ndani ya skripti yenyewe, kabla ya kushusha au kupandisha, na usitegemee kwamba uliingia asubuhi.

Hata usiyehitaji ufunguo

Imeji za wazi hushushwa bila kuingia, kwa hiyo wengi hawaoni haja. Lakini Docker Hub, kwa utaratibu ulioanza Novemba 2020, iliweka kikomo: asiyeingia ashushe mara 100 kwa saa sita, akihesabiwa kwa anwani yake ya IP, na aliyeingia kwa akaunti ya bure mara 200, akihesabiwa kwa akaunti yake. Namba zinaweza kubadilika, hivyo angalia za sasa. Muhimu kwetu ni hilo la kuhesabiwa kwa anwani. Intaneti ya simu mara nyingi huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Unaweza kuwa umekaa Raskazone, hujashusha kitu tangu juzi, ukaambiwa `toomanyrequests` kwa sababu watu usiowajua wamekula fungu lenu. Ukiingia, unahesabiwa peke yako.

Jambo lingine la mazingira yetu ni saa ya kompyuta. Mashine ya mezani ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, umeme ukikatika inaamka ikidhani ni miaka mingi iliyopita. Hapo kosa halitataja neno la siri hata kidogo. Litasema `x509: certificate has expired or is not yet valid`, kwa kuwa cheti cha rejista, kwa saa ya mashine yako, bado hakijazaliwa. Andika `timedatectl`, rekebisha saa, jaribu tena.

Na kama umesimika Docker ya karibuni, `docker login` tupu ya Docker Hub haitakuuliza neno la siri kabisa. Itakupa msimbo mfupi na anwani ya kufungua kwenye kivinjari. Seva haina kivinjari, lakini si lazima iwe nacho: fungua anwani ile kwenye simu yako, andika msimbo, thibitisha, na terminali itaendelea. Ukitaka kuulizwa kwa njia ya zamani, taja jina kwa `-u`.

Kutoka

`docker logout` inauondoa ufunguo msumarini. Hiyo tu. Ikiwa kuna nakala mahali pengine, nakala ile bado inafungua, kwa sababu rejista haikuambiwa lolote. Ili ufunguo ufe kweli lazima uingie kwenye akaunti yako na kuifuta tokeni yenyewe.

Ndiyo maana kila tokeni ninayotengeneza naipa jina la mashine itakayokaa: laptopu ya nyumbani, seva ya machungwa, mashine ya ofisini. Mwaka jana mwenzangu aliibiwa begi safarini akirudi kutoka Dar, laptopu ikiwa ndani. Akanipigia kwa simu ya abiria mwenzake, sauti inatetemeka, akitaka tubadilishe kila kitu usiku ule. Nikamwambia aingie kwenye akaunti kwa simu hiyo hiyo, kwenye dirisha la faragha, atafute iliyoandikwa laptopu. Akaifuta. Seva ya machungwa haikuguswa, na saa kumi na mbili asubuhi, malori ya Muheza yalipoanza kushusha, ilikuwa inahesabu.